Mkeka Mnausifu, Bei Mnaikataa

Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania Bara. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alikuwa ametangaza bungeni tangu Aprili, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema ameshtukizwa. Zanzibar ilikwishaikataa tangu 2006. Kenya nayo iliipiga marufuku tarehe 28 Agosti 2017, kwa adhabu ya kutisha: faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4. Siku zile wimbo ulikuwa mmoja kila mahali: kikapu kinarudi. Bibi alikwenda sokoni na kikapu chake cha ukindu, akatia humo samaki, nazi na bamia, na hakuna mtaro wa maji uliowahi kuzibwa na kikapu cha bibi.

Kikapu hakikurudi. Kilichokuja ni kile kilichoitwa mfuko mbadala, kitambaa chepesi ambacho nacho, ukichunguza, ni nyuzi za plastiki, na mikono yake hukatika kabla nyanya hazijafika nyumbani. Kenya mifuko ya aina hiyo iliwachosha mpaka mamlaka ya mazingira, NEMA, ikaikataza kuanzia tarehe 31 Machi 2019 kwa kuwa haikuwa na ubora. Mnunuzi alikuwa na nafasi ya kuchagua kati ya mfuko wa bei ya karanga na kikapu chenye bei ya kazi ya mtu. Alichagua mfuko. Jioni akakaa na wenzake barazani wakalalamika kwamba wasichana wa siku hizi hawajui kusuka.

Malalamiko hayo yana orodha ndefu. Hawajui kukuna nazi. Hawajui kupepeta kwa ungo. Hawajui kushona hata kifungo kilichokatika. Hawajui kufukia makumbi, wala kukunja shuka la harusi, wala kumkaribisha mgeni. Mshtakiwa ni kijana kila mara, na mara nyingi ni wa kike. Wa kiume akiitwa kizimbani hutolewa kwa dhamana kwamba anatafuta maisha. Lakini kesi yenyewe haijasikilizwa upande wa pili. Vitu vile vya mkono vilikuwa vingi na rahisi kwa sababu muda wa mwanamke aliyevitengeneza haukuhesabiwa na mtu. Siku alipopata pa kuupeleka muda wake ukalipwa, aliupeleka huko, na hakuwa na sababu ya kuomba radhi.

Uchukuliwe mkeka wa ukindu, ambao kila mwenye asili ya pwani anadai kuupenda. Kazi yake inaanza porini, kwenye mkindu wenye miiba mikali chini ya kila kuti. Hukatwa yale majani machanga ambayo bado hayajafunguka, yakaanikwa juani hadi yakapauka. Kisha huchanwa kwa ukucha au kwa ncha ya sindano kuwa chane nyembamba zinazolingana, maana zisipolingana ukili utakwenda upande. Zile za kutiwa rangi huchemshwa sufuriani, zikatolewa, zikaanikwa upya. Mpaka hapo mtu hajasuka hata kidole kimoja.

Ndipo unaanza ukili wenyewe, utepe mrefu wa kusuka usiozidi upana wa vidole vichache, unaopimwa kwa pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Ukili husukwa saa za pembeni: vyombo vikishaoshwa, mtoto akishalala, adhuhuri kwenye kibaraza, hata njiani mtu akienda shamba huku mkia wa ukili unaning'inia mbele yake. Ukishatosha hukunjwa mviringo na kuwekwa hadi siku ya kuushona. Na kushona si mchezo. Ukili mmoja huwekwa ubavuni mwa mwenziwe na maua yakakutana; ua likipishana kwa unene wa chane moja tu, linaonekana tangu mlangoni. Hapo ndipo mjuzi hutengana na mwanafunzi. Mkeka mkubwa wa chumbani hula wiki, na ukiwa na nakshi nyingi hula wiki zaidi.

Siku ya kuuza, mnunuzi huushika, akaugeuza, akausifu kwelikweli, kisha akataja bei ya mkeka wa plastiki.

Wala mkeka wa plastiki usionewe. Unaoshwa kwa maji na sabuni, haunyonyi unyevu, mtoto akiumwagia uji hakuna kilio. Familia yenye chumba kimoja na watoto wanne haina deni lolote kwa utamaduni, inatandika inachokimudu. Ubaya unaanza pale mtu mwenye uwezo anapomtaka msusi alingane kwa bei na kiwanda, halafu akimaliza kununua cha kiwandani aanze kuhuzunika hadharani kwamba ufundi wa mababu unakufa. Huo ufundi ulikuja hadi mlangoni kwake asubuhi ileile, akaurudisha.

Lipo jambo moja ambalo wapenzi wa mambo ya kale hulipita haraka. Kazi za mikono za wanaume wa pwani hazikuporomoka kwa kasi ileile. Lamu, mji wa kale ulioingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, bado kuna mafundi wa kuchonga milango ya nakshi, na vijana wanaendelea kuingia karakana kujifunza. Sababu haina siri. Mwenye nyumba au mwenye hoteli akitaka mlango humwendea fundi, wakakubaliana bei, akatoa fedha za awali za kununulia mbao, kisha akasubiri. Mlango ukichelewa anapiga simu kwa adabu. Msusi wa mkeka hana anayemtolea fedha za awali. Yeye hukata, huanika, huchana na kusuka kwa gharama zake, akaibeba bidhaa iliyokamilika hadi kwa mnunuzi, na hapo ndipo mazungumzo ya bei yanapoanza, yeye akiwa amesimama juani na mwenzake amekaa kivulini. Mmoja huitwa fundi na kazi yake hukadiriwa. Mwingine huchukuliwa kuwa mama fulani aliyekuwa na nafasi.

Mashariki ya Unguja mambo haya yalionekana wazi kuliko pengine popote. Katika vijiji kama Paje, Bwejuu na Jambiani wanawake walikuwa wakiishi na makumbi ya nazi. Makumbi hufukiwa ufukweni, kwenye mashimo yanayofikiwa na maji ya bahari, yakagandamizwa kwa mawe na kuachwa miezi kadhaa, pengine nusu mwaka au zaidi, hadi yaoze yalegee. Yakifukuliwa harufu yake hutangulia kufika nyumbani. Hapo hupondwa kwa gongo mpaka nyuzi zikaachana na maganda, zikaoshwa, zikaanikwa, kisha zikasokotwa kwa viganja kuwa kamba. Kamba hizo ndizo zilizofunga makuti mapaani, zikawamba vitanda, na zamani zaidi zikashona mitepe, vile vyombo vya bahari visivyokuwa na msumari hata mmoja, vyenye tanga la kusukwa kwa majani. Mwanamke aliyekuwa amezama hadi magotini kwenye tope la makumbi alikuwa anashikilia teknolojia ya karne nyingi. Alikuwa pia analipwa kidogo sana.

Mwaka 1989 kilimo cha mwani cha biashara kilianza kwenye ufukwe huohuo, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Mwani ulitaka vigingi, kamba na mtu wa kushinda majini wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekupwa. Baada ya wiki sita hivi unavunwa, unaanikwa, na mnunuzi anakuja na mizani na fedha taslimu. Wanawake walihama kwa makundi. Fedha za mwani zilijenga kuta za mawe, zikanunua sare za shule, zikampa mama sauti ndani ya nyumba ambayo kamba ya makumbi haikuwahi kumpa. Kamba walizofungia miche yao baharini, ajabu ya mambo, zilikuwa za nailoni.

Nani atawalaumu? Wapo waliowalaumu. Wageni waliokuja na kamera walitaka kuona makumbi, na baadhi ya wenyeji waliokwisha kuhamia mjini waliona kijiji kimepoteza ladha. Baadaye mwani wenyewe ukaingia mashakani: aina ya cottonii, yenye bei nzuri, ikaanza kuugua na kufa maji yalipozidi joto, na aina ya spinosum iliyobaki ina bei ndogo. Hata hivyo waliowahi kulipwa kwa mizani hawakurudi kwa wingi kwenye mashimo. Wengine walijifunza kutengeneza sabuni ya mwani wakaiuza kwa watalii. Mtu aliyekwisha kuhesabiwa muda wake ni vigumu kumshawishi augawe tena bure kwa ajili ya kumbukumbu za wengine.

Hapa pana haja ya kutenganisha mambo mawili ambayo kumbukumbu huyachanganya: ujuzi na suluba. Kinu na mchi vina sauti tamu ukivisikia kwa mbali ukiwa mtoto unayesubiri chakula. Aliyekuwa ameushika mchi alikuwa na malengelenge. Kukoboa mahindi kwa kinu, kuyaloweka, kuyatwanga tena hadi yawe unga, kila siku, kabla ya kazi za shamba, ni kazi iliyowavunja wanawake migongo, na mashine ya kusaga ilipofika kijijini hakuna mwanamke aliyelia. Mbuzi ya nazi nayo iko karibu na kundi hilo. Masokoni Dar es Salaam na Mombasa nazi hukunwa kwa mashine huku mteja akihesabu chenji. Wapishi wa kale husema nazi ya mashine hutoka na vipande vya kahawia vya kifuu, kwamba tui lililokamuliwa kwa kifumbu halina mpinzani, na kuhusu wali wa nazi huenda wana haki. Haki hiyo haitoshi kumkalisha binti kwenye mbuzi kila jioni wakati kaka yake anatazama mpira. Anayelitaka tui la mbuzi na akae yeye kwenye mbuzi. Kigoda kile hakimkatai mwanamume.

Kwa hiyo kinu na kipumzike. Ukili ni habari nyingine, kwa sababu ndani yake mna hesabu, mna nakshi, mna jicho lililofunzwa miaka, na kinachotoka mikononi hakifanani na kinachotoka kiwandani. Kofia ya mkono vilevile. Kofia ile nyeupe inayoshonwa tobo kwa tobo, kwa mchoro uliotangulizwa kwa penseli kitambaani, ingekuwa imekufa zamani kama hoja ya bei rahisi ndiyo pekee inayoamua, kwa maana kofia za mashine zimejaa kila duka. Haijafa. Wanaume wa pwani, kuanzia Lamu hadi Kilwa, wanaijua tofauti kwa kutazama tu, na siku ya Idi au ya nikahi hakuna anayependa aonekane na ya mashine kama ana uwezo wa ya mkono. Ng'ambo, Oman, kofia ya ukoo huohuo inayoitwa kumma huvaliwa kila siku, nako pia ya mkono ina heshima yake na bei yake. Mshonaji anajua hayo. Anajua kwamba tobo zikiwa ndogo na kushikana vizuri bei inapanda, basi ana sababu ya kulichosha jicho lake, na ana sababu ya kumkalisha mwanawe kando amwoneshe.

Rwanda ilithibitisha jambo hilo kwa kikapu. Agaseke, kile kikapu chenye mfuniko wa ncha kilichomo hata kwenye nembo ya taifa, kilikuwa kazi ya nyumbani ya wanawake tangu kale. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, ndugu wawili wa kike, Janet Nkubana na Joy Ndungutse, waliwakusanya wanawake wasusi, wengi wao wajane, na kampuni yao ya Gahaya Links ikaanza kupeleka vikapu hadi kwenye maduka ya Macy's, Marekani, mwaka 2005. Haikuwa huruma tu iliyoviuza. Ubora ulikaguliwa, vipimo vikalinganishwa, kikapu kilichopinda kikarudishwa. Malipo yalipoanza kuingia, wanawake ambao hawakuwahi kusuka walijifunza wakiwa watu wazima, bila mhadhara wa mtu yeyote juu ya maadili ya mababu.

Ila haipendezi kwamba Mnyarwanda alihitaji mnunuzi wa New York, na msusi wa Pemba akangoja mtalii. Soko la ng'ambo likipiga chafya, msusi analazwa. Kenya ilipata mfano ulio karibu zaidi, kwa mboga. Managu, saga, terere na mrenda zilikuwa zimeshushwa hadi kuwa chakula cha wasiojiweza. Baada ya juhudi za miaka kadhaa za watafiti, makumbusho ya taifa na vikundi vya wakulima, zikarudi mezani, zikaingia hotelini na kwenye maduka makubwa ya Nairobi, na mwaka 2021 UNESCO iliitambua kazi hiyo kuwa mfano mwema wa kuhifadhi urithi. Walionunua walikuwa Wakenya. Mwanamke anayejua kuziondolea uchungu mboga hizo kwa maziwa sasa ana ujuzi unaotafutwa.

Wengine huitupia shule mzigo huu. Tanzania Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere, tangu 1967, ilitaka mtoto atoke na jembe na kalamu. Shule za msingi zikawahi kuwa na somo la Stadi za Kazi. Kenya mtaala wa 8-4-4, ulioanza 1985, ulikuwa na sanaa na ufundi, na mtaala wa umilisi uliokuja baadaye ukatilia mkazo kazi za mikono kuliko wote. Matokeo yake yalichekesha nchi nzima: wazazi wakikesha kutengeneza sanamu za kutishia ndege kwa niaba ya watoto wao, na wachuuzi wakijitokeza kuziuza zikiwa tayari. Mwalimu mwenye wanafunzi sitini darasani hawezi kufundisha ukili kwa kipindi cha dakika arobaini. Ukili hujifunzwa kwa kukaa karibu na anayesuka kwa miezi, na anayesuka hukaa asuke akiwa na mnunuzi.

Makumbusho nayo yana mpaka wake. Mwaka 2003 mafundi waliunda upya mtepe Zanzibar, ukashonwa kwa kamba kama zamani, ukawekwa ndani ya jumba la makumbusho la Beit al-Ajaib. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jengo hilo iliporomoka na kuua watu. Urithi uliokusanywa chini ya paa moja hutegemea nguzo za paa hilo. Ujuzi ulio kwenye vidole vya wanawake mia vijijini hauporomoki kwa siku moja, lakini unaweza kumalizika ndani ya kizazi kimoja wakikosa cha kuwaweka kazini.

Zipo desturi, ni kweli, ambazo hazina soko wala hazilihitaji. Jirani akileta futari, bakuli lake halirudishwi tupu. Hata kama nyumbani hakuna kitu, zitawekwa ndimu mbili au konzi ya sukari. Mgeni hakuulizwa kama atakula, aliletewa maji ya kunawa. Msibani majirani walikuja na majamvi yao kabla ya kuulizwa. Haya hayakuuawa na mkeka wa plastiki wala na mwani. Yanagharimu hatua ishirini kuvuka uchochoro, na anayeyakumbuka kwa machozi anaweza kuyaanza leo kabla ya magharibi bila kumsubiri kijana yeyote. Inashangaza kwamba wanaolalamika sana juu ya mikono ya wengine ndio waliojenga ukuta wenye vipande vya chupa juu yake.

Kwa ukili na kofia, inahitajika fedha, na fedha zipo. Kamati za harusi hukusanya mamilioni zikalipia maua ya plastiki yanayokodishwa. Misikiti iliyokuwa na mikeka ya miyaa imejaa mazulia kutoka Uturuki, ambayo ni mazuri, lakini hakuna kinachozuia kibla kutandikwa misala ya Pemba. Hoteli zinazojiita za Kiswahili hununua mapambo kutoka viwanda vya mbali na kuyaweka chini ya picha ya jahazi. Ofisi za serikali zinazotoa zawadi kwa wageni kila mwezi zingeweza kuagiza, kwa maandishi na kwa fedha za awali, kama vile mwenye nyumba anavyoagiza mlango Lamu.

Na msomaji atakayesimamishwa wiki hii na mama mwenye mkeka begani, amwulize umemchukua siku ngapi. Azidishe siku hizo kwa ujira wa kibarua wa siku moja mtaani kwake, aongeze ukindu na rangi, ndipo azungumze bei. Akiona jumla imemzidi, anunue wa plastiki kwa amani, na amwache mjukuu wa msusi aende zake kwenye kazi inayomlipa.